Mama ana mgongo, bahari ya Corsica ataiweza? Jibu kuhusu safari ya boti ya Scandola

Swali la msomaji: "Naishi Lyon na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 8. Katikati ya Juni mama anakuja kutoka Mombasa, na tumepanga kukaa siku tano Corsica. Kila tuliyemuuliza anatuambia tusikose safari ya boti ya kwenda hifadhi ya Scandola. Shida ni kwamba mama ana miaka 66, mgongo unamsumbua, na aliwahi kupanda boti ya kwenda Lamu ikamlevya vibaya. Tupande kutoka wapi: Calvi, Porto au Ajaccio? Tuchukue boti kubwa au zile za mpira ziendazo kasi? Na je, ni kitu cha kweli, au ni mahali pa kupiga picha tu na kurudi?"

Dada, nianze na la mama, maana hilo ndilo linaloamua mengine yote. Mpandisheni boti kubwa, muondokee Porto, iwe asubuhi, na iwe siku za mwanzo za likizo yenu. Boti ya mpira msimpandishe, hata mwenye boti akiwaahidi kwamba ataendesha polepole.

Boti zile za mpira ni nyepesi, zina injini kubwa, na abiria hukaa kwenye viti vya mfano wa tandiko, miguu huku na huku. Bahari ikiwa shwari kabisa ni raha tupu. Lakini wimbi dogo tu likija, omo, yaani mbele ya boti, hunyanyuka, kisha boti hutua kwa kishindo, na kile kishindo hakina pa kwenda ila kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa. Wanaochunguza ajali za baharini Ulaya wanalijua vizuri jambo hili: pingili za mgongo huvunjika kwenye boti hizi za kasi bila boti yenyewe kupata hata mkwaruzo, na wanaoumia zaidi ni waliokaa mbele. Mtu mwenye mgongo mzima anaweza kujishikilia kwa magoti na kuinuka kidogo kila wimbi linapopita. Mama wa miaka 66 hawezi kufanya hivyo saa tatu mfululizo, na hana sababu ya kujaribu.

Kwenye boti kubwa, pa kukaa ni katikati kuelekea tezi, yaani nyuma, sitaha ya chini, nje penye hewa. Watu hukimbilia omo kwa sababu ya picha na sitaha ya juu kwa sababu ya mandhari, na hapo ndipo boti inapopanda na kushuka na kuyumba zaidi. Fikeni mapema gatini ili achague. Asipande na tumbo tupu, maana tumbo tupu ndilo linaloleta kichefuchefu upesi. Mkate na chai isiyo na maziwa mengi vinatosha. Boti ikianza kucheza atazame mbali, pale mbingu zinapokutana na bahari, simu aiweke mkobani. Vidonge vya kuzuia kulewa bahari mtavipata duka lolote la dawa Ufaransa, ila mwambieni mfamasia dawa nyingine anazotumia, hasa kama ana shinikizo la damu, kisha avimeze kabla ya kupanda. Akingoja mpaka atapike, vidonge havitamsaidia tena.

Sasa kwa nini Porto. Scandola ni rasi iliyo upande wa kaskazini wa Ghuba ya Porto, pwani ya magharibi ya kisiwa. Ukitoka Calvi unateremka kusini kwenye bahari wazi, unazunguka rasi moja baada ya nyingine, na sehemu kubwa ya safari inaishia njiani. Ukitoka Ajaccio njia ni ndefu zaidi. Porto iko ndani kabisa ya ghuba, kwa hiyo mkishatoka tu gatini mmeshaanza kuona, na nahodha akiona bahari imebadilika hana mbali pa kurudi. Kwa kawaida safari ya Scandola kutoka Porto huchukua kama saa tatu, pamoja na kushuka kidogo kijiji cha Girolata.

Barabara ya kufika Porto nayo ina mambo yake. Kutoka Ajaccio ni kama kilomita 80, na mtazimaliza kwa saa mbili kwa sababu barabara ya D81 inajipinda juu ya magenge bila kupumzika. Kutoka Calvi ni vivyo hivyo. Mgongo wa mama utachoka garini kabla ya kuiona bahari. Kwa hiyo laleni Porto, au kijijini Ota hapo juu, usiku mbili ikiwezekana, ili gari na boti visiangukie siku moja. Kutoka Lyon, mimi ningeshuka Marseille au Toulon nikapanda feri ya usiku kwenda Ajaccio: mama analala kitandani, asubuhi mmefika. Na kama anakuja na viza ya Schengen ya Ufaransa, hahitaji karatasi nyingine. Corsica ni Ufaransa.

Asubuhi nimeisisitiza kwa sababu ya upepo. Pwani yote ile inatazama magharibi. Mistral inashuka kutoka kaskazini-magharibi, libeccio inavuma kutoka kusini-magharibi, na yote miwili inaingia ghubani moja kwa moja. Juni si mwezi wa dhoruba, lakini hata siku njema ina tabia yake: alfajiri bahari imelala, jua likipanda milima inapata joto, hewa ya juu yake inanyanyuka, na kufika adhuhuri upepo wa baharini umeshaingia na mawimbi mafupi yameanza kugonga. Safari ya saa tatu asubuhi na ya saa nane mchana zinaweza kuwa bahari mbili tofauti, siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema pia siku za mwanzo za likizo: gati ya Porto ni ndogo, iko mlangoni mwa mto, na mawimbi makubwa yakiingia hakuna anayetoka. Nahodha akiahirisha, mnabaki na siku ya akiba. Wageni wengi huiweka safari hii siku ya mwisho, kama zawadi ya kuagia, kisha wanaondoka kisiwani hawajaiona.

Ila asubuhi ina hasara yake, nisikufiche. Upande wa kusini wa ghuba kuna majabali ya Piana, yale wanayoyaita Calanche, ya granite nyekundu, yanayopanda kutoka baharini hadi kama mita 400. Nayo yanatazama magharibi. Asubuhi yako kivulini, rangi imefifia. Jioni, jua linapoyapiga usoni, yanawaka kama makaa. Kampuni nyingi huuza tiketi moja ya Scandola na Calanche pamoja, na ni safari ya saa nne hivi. Kwa mama, msiichukue. Chukueni Scandola asubuhi kwa boti, kisha jioni nendeni Calanche kwa gari, maana D81 inapita katikati ya mawe yenyewe, kilomita chache tu kutoka Porto. Mtaegesha na mama ataweza kutembea hatua ishirini akaweka mkono wake juu ya jabali. Mwonyesheni mtoto yale matundu yaliyochimbika mwambani, mengine madogo kama kikombe, mengine mtu mzima anaingia akakaa. Wenyeji huyaita tafoni. Chumvi ya bahari na unyevu huingia kwenye chembe za granite, zikauke, zilowe, zikauke, mpaka chembe ziachiane moja moja. Shimo likishaanza, ndani yake huwa kivuli na unyevu zaidi, kwa hiyo linazidi kujila kwa ndani huku ganda la nje likibaki gumu.

Scandola si granite. Ni mabaki ya volkano ya kale, kama miaka milioni 250 iliyopita, na boti ikishaingia eneo la hifadhi mtaiona tofauti hata bila kuambiwa. Mwamba ni mwekundu uliokolea, kwa ile kutu ya chuma iliyomo ndani yake, na sehemu nyingine umesimama kwa nguzo nguzo, zimepangana wima au zimelala kama magogo. Lava na majivu ya moto yalipopoa yalisinyaa, na katika kusinyaa yakapasuka kwa mistari. Kuna mapango, kuna vihori vyembamba ambavyo nahodha huingiza omo tu kisha akarudi kinyumenyume. Katika baadhi ya mapango hayo waliishi sili wa Mediterania, wakapotea pwani ya Corsica miaka ya 1970, na mpaka leo hawajarudi kukaa.

Nahodha akisogea karibu na ukuta wa mwamba, msimwache mtoto aangalie juu tu kama wengine. Mwambieni atazame pale maji yanapokutana na jiwe. Ataona ukingo mpana, mweupe uliochanganyika na zambarau hafifu, umejitokeza kutoka mwambani sentimita chache juu ya maji. Huo si jiwe. Ni mwani wenye chokaa, Lithophyllum, unaojijenga tabaka juu ya tabaka. Pale Punta Palazzu, ndani ya hifadhi, umejenga njia ya urefu wa kama mita 100, na pengine upana wake unafika mita mbili. Imechukua karibu miaka elfu moja kufika hapo, na mtu mmoja akiikanyaga anaweza kuvunja kipande cha miaka mingi.

Mama yako atauliza swali ambalo Wazungu hawaliulizi: maji yanajaa saa ngapi? Aliyekulia Mombasa hupanga siku yake kwa kujaa na kupwa. Kule kwetu bamvua likikolea, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Corsica kwa kawaida haifiki hata nusu mita. Mediterania ni bahari iliyofungwa, mlango wake pale Gibraltar ni mwembamba, na maji ya bahari kuu hayana nafasi ya kupanda na kushuka humo. Na hii ndiyo sababu ule ukingo wa mwani upo: unahitaji kulowa kila wakati bila kuzama na bila kukaushwa, na ni bahari isiyopwa tu inayoweza kuushika mahali pamoja kwa karne nyingi. Ni sababu mojawapo pia ya maji kuwa maangavu kiasi kile. Hakuna matope yanayokorogwa mara mbili kwa siku, wala mikoko.

Chini ya boti mtaona mabaka ya kijani kizito. Ni posidonia, nyasi ya bahari yenye mizizi na maua, ndugu wa zile nyasi mnazozijua kwenye ufuo wa Nyali na Diani maji yakipwa. Majani yake makavu hukusanyika ufukweni kwa marundo ya rangi ya udongo, na mtasikia wageni wakilalamika kwamba pwani ni chafu. Marundo yale yanazuia mchanga usichukuliwe na mawimbi. Nyasi hii hukua polepole mno, na nanga moja ikiburuzwa hung'oa kazi ya miaka. Ndiyo maana Ufaransa imekataza meli za zaidi ya mita 24 kutia nanga juu yake.

Nije kwenye swali lako la mwisho, kama ni kitu cha kweli. Ni cha kweli, tena ni cha kweli kiasi kwamba kinaumizwa na wanaokipenda. Scandola ilifanywa hifadhi mwaka 1975, bara na bahari pamoja, na mwaka 1983 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na Girolata na Calanche. Uvuvi wa kujifurahisha umekatazwa ndani yake, kuzamia kwa mitungi kumekatazwa, kuokota hata jiwe kumekatazwa. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: chewa wakubwa, ambao wawindaji wa mishale waliwamaliza sehemu nyingi za pwani ya Ufaransa, huko wanaelea mita chache chini ya boti bila woga.

Lakini fahari kuu ya Scandola ni ndege: mwewe mla samaki (osprey kwa Kiingereza), mweupe tumboni, na mstari mweusi unaopita jichoni. Mama huenda ameshamwona Pwani, maana wale wa Ulaya ya kaskazini hushuka Afrika wakati wa baridi. Hawa wa Corsica ni wa Mediterania, hawaendi mbali. Mwaka 1974 kisiwa kizima kilibaki na jozi 3 tu. Kwa ulinzi wa hifadhi wakaongezeka hadi kufika kama jozi 30. Viota vyao ni marundo ya vijiti juu ya minara ya mwamba inayoning'inia juu ya bahari, wazi kabisa, kwa sababu kwa maelfu ya miaka hakuna adui aliyekuja kwa njia ya maji.

Sasa adui huyo ni sisi. Kila boti inayosogea chini ya kiota humfanya jike anyanyuke na kulia, na dume anayerudi na samaki hugeuza njia. Watafiti waliolinganisha viota vya Scandola na vya sehemu nyingine wamekuta makinda wa Scandola wanaletewa samaki wachache zaidi, na jozi nyingi hazifanikiwi kulea kinda hata mmoja. Mwaka 2020 Baraza la Ulaya lilikataa kuiongezea Scandola ile diploma ya hifadhi bora iliyokuwa nayo tangu 1985, na sababu ilikuwa msongamano wa boti. Sasa wakati wa kuzaliana kuna mipaka ya mita 250 kuzunguka viota. Mkija katikati ya Juni makinda watakuwa bado viotani, wakubwa lakini hawajaruka. Kwa hiyo, dada, nahodha atakayewapitisha mbali na kusema "kile kule, tumieni darubini" ndiye mliyepata bahati kumpata. Nakuomba usimsukume mtu asogee karibu kwa sababu mtoto anataka picha. Chukueni darubini ya nyumbani. Hata ndogo inatosha.

Hii ni sababu yangu nyingine ya kupenda boti kubwa. Watu mia kwa injini moja ni afadhali kuliko watu 12 kwa boti, boti nane zikifuatana zikipiga kelele ndani ya kihori kimoja. Na baadhi ya boti kubwa za Porto siku hizi zina mota ya umeme: nahodha huzima injini ya dizeli akifika kwenye miamba, na mnasikia maji yakiingia na kutoka mapangoni. Ni kweli, boti ndogo hupenya ule mlango kati ya kisiwa cha Gargalo na bara, na huingia ndani ya mapango ambayo kubwa hubaki mlangoni. Kama mume wako na mtoto wanaitamani sana, waende wao asubuhi nyingine.

Girolata mtashuka nusu saa au zaidi kidogo. Hakuna barabara ya gari kufika hapo. Ni boti, au kutembea saa moja na nusu kutoka mlimani, njia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya mpeleka barua. Pwani ni ndogo, na mara nyingi ng'ombe wamelala ufukweni kama wako zizini. Mama asikazane kupanda ngomeni. Akae kwenye mgahawa ulio karibu na gati, na wewe mpe kisa cha ngome hiyo, kwa sababu kinamhusu kuliko anavyodhani. Mwaka 1540 nahodha wa Kiosmani, yaani wa dola ya Waturuki, Turgut, alitia merikebu zake katika ghuba hii, akavamiwa na Giannettino Doria wa Genoa, dola ya Italia iliyoitawala Corsica, akakamatwa na kufungwa kasia la utumwa kwa karibu miaka minne mpaka alipokombolewa. Aliporudi baharini alikuwa mkali kuliko mwanzo. Watu wa Genoa wakaizungushia Corsica minara ya ulinzi, na ule wa mraba mtakaouona mkitoka Porto ni mmojawapo, ngome ya Girolata nayo ikajengwa miaka ya 1550. Baadaye, miaka ya 1580, nahodha mwingine wa Kiosmani, Mir Ali Bey, alifika Mombasa na miji mingi ya pwani ikamfuata. Wareno wakajibu kwa kujenga Fort Jesus kuanzia 1593. Bahari mbili, hofu moja.

Kuhusu chakula, kwa kuwa nadhani mama anachunga: Corsica ni nchi ya nguruwe, na soseji na nyama kavu karibu zote ni zake. Samaki wa kuchoma ndiye wa kumtegemea. Jibini ya brocciu inatokana na maziwa ya kondoo na mbuzi, na Juni ndiyo inaishia msimu, mkiikuta ileni. Keki yake, fiadone, ni tamu kweli, lakini ulizeni kwanza kama wametia pombe, na vivyo hivyo biskuti za canistrelli, ambazo nyingi hukandwa na divai nyeupe.

Mkifika kwenye vibanda vya tiketi pale gatini Porto, ulizeni mambo haya kabla ya kutoa pesa: boti ni ya abiria wangapi, ina mota ya umeme au la, inakaa muda gani ndani ya hifadhi yenyewe, na wakiahirisha kwa ajili ya upepo wanarudisha pesa au wanabadilisha siku tu. Anayejibu bila kukwepa, mpeni tiketi zenu.

Mama mfikishie shikamoo yangu. Mwambie atie koti jepesi na kilemba cha kufunga vizuri hata kama Lyon joto linachoma, maana maji ya Juni kule bado ni ya baridi kuliko ya Mombasa mwaka mzima, na boti ikikata upepo asubuhi ile, mtu wa Pwani huanza kutetemeka kabla hawajavuka mnara.